Virusi Vimelala, Mwenyewe Halali

Muuguzi alimkabidhi mama yangu mdogo majibu ya kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI, akampa hongera. Karatasi ilisema virusi havionekani. Nilimshika mkono nikitarajia machozi ya furaha. Yeye aliitazama ile karatasi kwa muda, kisha akauliza, "Na mwakani wakivikuta?" Muuguzi alikuwa ameshaita jina linalofuata.

Swali lile halijajibiwa hadi leo. Mama mdogo anameza dawa tangu 2009, hajawahi kukosa tarehe, na virusi mwilini mwake vimelala kabisa. Yeye ndiye halali. Saa nane za usiku yuko macho anasikiliza moyo wake. Akikohoa mara mbili, moyoni anajua ni kifua kikuu. Akitokwa na kipele mgongoni, anajua ni mkanda wa jeshi. Akiona wapangaji wawili wananong'ona uani, anajua wanamsema yeye.

Nimechoka kusikia hali hii ikiitwa udhaifu wa imani, au mambo ya wanawake, au "mawazo tu". Ni ugonjwa, unatibika, na sehemu kubwa ya chanzo chake ni sisi. Nasema sisi: serikali, hospitali, nyumba za ibada, vyombo vya habari ninavyoviandikia, na wewe jirani uliyepanga chumba cha pili.

Kila 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, tunapiga mahema, tunavaa fulana, tunataja asilimia. Asilimia 95 ya wenye virusi wajue hali zao, asilimia 95 ya hao wawe kwenye dawa, asilimia 95 ya walio kwenye dawa wawe wamefubaza virusi. Na kwa kweli Tanzania imejitahidi. Utafiti wa taifa wa 2022–2023 ulikuta kwamba miongoni mwa watu wazima wanaotumia dawa, zaidi ya 94 katika kila 100 wamefubaza virusi. Aliyezika ndugu watatu katika mwaka mmoja huko nyuma hawezi kuidharau namba hiyo, nami siidharau. Lakini nimekaa kwenye viti vya plastiki chini ya mahema hayo mwaka baada ya mwaka, na sijamsikia hata mgeni rasmi mmoja akisema ni wangapi kati ya hao wanaopata usingizi. Tunahesabu virusi. Mtu mwenyewe hatumhesabu.

Watu wa pwani wana neno jakamoyo, moyo unaodunda na kuhema kwa jambo ambalo halijafika. Wana pia wahka, na kiwewe. Lugha iliyotunga maneno mengi hivyo kwa jambo moja ililiona jambo lenyewe zamani. Mama mdogo hatumii hata moja kati ya hayo. Yeye husema, "Nina mawazo." Na jibu analopewa, na mimi nimewahi kumpa, ni neno moja ambalo ningekuwa na uwezo ningelifuta katika kila kliniki ya nchi hii: "Usiwaze."

Usiwaze! Mwambie mtu anayezama asilowe.

Tazama anachokiwaza, kisha uniambie kama ni upuuzi. Dawa anazipata bure, na zahanati iko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka chumbani kwake Mbagala. Hazichukui pale. Hupanda daladala mbili hadi upande mwingine wa mji, na hushuka vituo viwili kabla ya hospitali ili kondakta asikie ametaja kituo cha soko. Corona ilipokuja 2020, watu wote wakilalamikia barakoa, yeye aliipenda. Hadi leo huivaa siku ya kliniki tu. Akirudi, kazi ya kwanza ni kuhamisha vidonge kutoka kwenye chupa na kuvitia katika mfuko wa nailoni, maana chupa ikitikiswa inalia na ukuta wa chumba cha kupanga haufichi sauti. Wenzake wengine huacha chupa na kujaza pamba ndani. Lebo huchanwa, ikachomwa jikoni pamoja na mkaa.

Hayo yote anayafanya kwa akili timamu. Mwaka wa pili wa dawa, mwenye nyumba aliiona chupa yake. Hakumfukuza kwa maneno. Alimpandishia kodi, akamnunulia ndoo yake peke yake ya kuogea, na watoto wakakatazwa kuingia chumbani kwake. Alihama baada ya miezi miwili. Tangu hapo wasiwasi wake ni hesabu iliyopigwa sawasawa. Aliyewahi kuumwa na nyoka hukagua hata ukamba, na ukimcheka unapaswa kwanza uhakikishe nyoka hayumo nyumbani mwako.

Sasa ugeukie mwili, maana hapa ndipo ukatili wa jambo hili ulipo. Wasiwasi mkali una dalili zake: moyo kwenda mbio, jasho la usiku, tumbo kuharisha, chakula kutopita kooni, uchovu usioisha, kukonda. Zisome tena taratibu. Ndizo zilezile tulizozichora kwenye mabango na kuzining'iniza kwenye kuta za shule na zahanati tukisema hivi ndivyo UKIMWI unavyoanza. Basi mama mdogo huwaza, akiwaza hali chakula, asipokula anakonda, akikonda sketi inapwaya, na sketi ikipwaya anakuwa na ushahidi. Usiku huo halali, anaamka amelowa jasho, na jasho nalo linakuwa ushahidi mwingine. Vipimo vinasema virusi havionekani. Shuka inasema vingine. Mtu ataamini karatasi aliyoiona dakika tatu au shuka aliyoilalia usiku kucha?

Na dawa zenyewe nazo hazikukosa lake. Kwa miaka mingi kidonge cha kila usiku kilibeba efavirenz, dawa inayojulikana duniani kote kwa kizunguzungu na ndoto za kutisha. Mama mdogo alikuwa akiota anazikwa akiwa macho. Alipoeleza, aliambiwa atazoea. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegravir iwe dawa ya mstari wa mbele, nasi tukahamia huko, na ndoto zikapungua. Lakini dolutegravir nayo huwakosesha baadhi ya watu usingizi, na mara nyingi kuimeza asubuhi badala ya usiku huleta nafuu. Nimewauliza wengi kama waliwahi kuelezwa hilo. Wengi wao walilisikia kwangu, na mimi si daktari.

Mzizi wa hofu hii tuliupanda kwa mikono yetu. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Wenyeji waliuita ugonjwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa mpakani, maana hakuna aliyejua ni kitu gani. Kutojua kule nakusamehe. Nisichokisamehe ni kilichofuata tulipokwisha kujua. Tulichora mafuvu. Tulichora majeneza. Tulimpa mwenye ugonjwa majina ya kuchekesha vijiweni: kakanyaga miwaya, ana ngoma, ana mdudu. Dawa zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, mbona hazikukosa jina la kejeli? Tukaziita njugu. Akikonda ni ngoma, akinenepa ni njugu. Mwili wa mtu huyu umekuwa mali ya kijiji, kila mmoja ana maoni juu yake.

Tulifanya hivyo tukidhani hofu inazuia maambukizi. Hofu haikuzuia chochote kwa muda mrefu. Ilichofanya ni kuhamia ndani ya waliokwisha kuambukizwa na kukaa humo bila kulipa kodi. Mabango tumeyabandua. Hatukwenda kuyabandua vichwani mwao.

Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, watu wakanywe kikombe cha tiba cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi baada ya kunywa, na wapo waliokufa. Waandishi wenzangu wamewaandika watu wale kama wajinga. Mimi nilikuwa na mmoja wao nyumbani, na alikuwa na stashahada. Hakwenda kutafuta dawa. Dawa alikuwa nayo, na ilikuwa ikimfanyia kazi. Alikwenda kutafuta siku moja ambayo angeamka na kusema, "Imekwisha." Hospitali ilikuwa imempa uhai. Haikuwa imempa amani, na mtu asiye na amani ataifuata hata jangwani, hata kwa gari bovu. Tungeiangalia foleni ile vizuri tungeona ni foleni ya usingizi.

Ingia sasa kliniki, ninazozijua kwa kukaa kwenye mabenchi yake. Nyingi zina jengo lake, au mlango wake, au pembe yake, na kila aketiye pale amekwisha kutangazwa kabla hajafungua mdomo. Kadi yake ni tofauti na kadi za wengine. Halafu kuna neno mtoro. Aliyekosa tarehe, hata kama alikuwa anazika mtoto, huandikwa katika orodha ya watoro. Watu wetu wanalifahamu neno hilo. Mtoro ni mtumwa aliyemkimbia bwana wake akajificha msituni. Mtoro ni mwanafunzi anayengojewa na fimbo mstarini. Mtu mzima mwenye wajukuu, aliyeshindwa nauli mwezi mmoja, anarudi kliniki akiwa mtoro, anagombezwa mbele ya watu walio rika na watoto wake. Kisha tunashangaa kwa nini mwezi unaofuata hakurudi. Nawaheshimu wauguzi, wengi wao wanahudumia watu 80 mahali pa 20 na mishahara yao haitoshi. Lakini neno haligharimu bajeti. Lifuteni wiki hii.

Ukitaka kuumia zaidi, zungumza na vijana waliozaliwa na virusi. Kijana mmoja, sasa ana miaka 22, alimeza dawa tangu ana miaka minne akiambiwa ni za kifua. Bibi yake alimpenda, na alimdanganya kwa mapenzi hayohayo. Kidato cha pili, kwenye somo la baiolojia, mwalimu aliandika ubaoni majina ya dawa za kufubaza virusi. Moja lilikuwa lile analoliona kila usiku kwenye chupa. Aliniambia hakusikia tena sauti ya mwalimu. Aliona mdomo wake ukifunguka na kufungika. Bweni zima walikuwa wanajua ana "dawa za kifua". Usiku ule hakumeza, wala uliofuata. Alifukia chupa nyuma ya vyoo vya shule, na kwa muhula mzima alilala akiwa ameshika kufuli la tranka lake. Alianza kutetemeka mikono darasani. Walimu wakasema anavuta bangi, akapewa barua ya onyo.

Hakuna aliyemuuliza. Kijana alikonda, akatetemeka, akaacha kula, akaacha kucheza mpira, katika jengo lenye watu wazima zaidi ya 30, na swali pekee alilopata lilikuwa bangi anaitoa wapi. Aliokolewa na mshauri rika, binti wa miaka 19 mwenye virusi kama yeye, aliyekaa naye chini ya mwembe wa hospitali mara sita. Binti huyo alikuwa analipwa posho ya nauli na mradi. Mradi umekwisha.

Na hofu ya kuandikwa majina kwenye orodha, msidhani wenye virusi wanaiota. Februari 2015, Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza watoto wa shule wenye VVU wakusanywe majina pamoja na ya walezi wao. Ilidaiwa ni kwa faida yao, ili huduma iwafikie. Watu wanaoishi na virusi na wanasheria wa haki walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo lile linavunja Katiba. Kenya ina hata baraza maalumu la kisheria la kusikiliza malalamiko ya wanaobaguliwa kwa VVU. Sisi Tanzania tuna Sheria ya mwaka 2008 inayokataza kutoa siri ya mgonjwa na inayokataza unyanyapaa na ubaguzi. Mwenye nyumba wa mama mdogo hakuwahi kuisikia. Mama mdogo naye hakuwahi kuisikia hadi nilipomsomea. Alichokuwa amekisikia ni kifungu kingine cha sheria hiyohiyo, kinachomtaka aliyekutwa na virusi amjulishe mwenza wake mara moja. Sikatai mwenza aambiwe. Ila wanawake wengi hupimwa kwanza wao, kliniki ya wajawazito, na anayepimwa kwanza ndiye anayeitwa aliyeuleta. Mwanamke anatoka na majibu mkononi, mimba tumboni, na amri ya kwenda kusema kwa mtu anayeweza kumtoa nje usiku uleule. Mnamwambia asiwaze?

Lakini kuna jambo moja linalonichoma kuliko yote, na hapa nawasemesha wakubwa wa afya moja kwa moja. Dawa bora kuliko zote ya hofu hii mnayo kabatini na hamuitoi.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofuatilia jozi 888 za wenzi katika nchi 14 za Ulaya, mmoja ana virusi vilivyofubazwa kwa dawa, mwingine hana, wakijamiiana bila kondomu. Yalihesabiwa matendo ya ndoa yapatayo 58,000. Maambukizi yaliyotoka kwa mwenza mwenye virusi yalikuwa sifuri. Waliopata virusi walikuwapo, 11, na vipimo vya vinasaba vilionyesha walivipata kwa watu wengine, nje. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi: anayetumia dawa na virusi vyake havionekani hana hatari ya kumwambukiza mwenza wake kwa ngono. Hana. Hakuna "kidogo", hakuna "huenda".

Nimehudhuria vikao vya elimu ya afya ambamo jambo hili linasemwa kwa kunong'ona, au linasemwa kisha linafunikwa na maonyo kumi. Niliwahi kumuuliza mhudumu mmoja kwa nini. Akasema, "Wakijua hivyo wataacha kondomu." Yaani tumeamua kwamba mwanamke aliyemeza dawa miaka 15 bila kuruka siku aendelee kujiona sumu, ajitenge na mumewe, aogope kumbusu mjukuu wake, kwa sababu hatumwamini na ukweli. Huo ni wizi. Ukweli huo ni wake; damu iliyothibitisha ni ya watu kama yeye. Mama mdogo aliukataa uchumba wa mtu mwema mwaka 2014, fundi seremala mjane, kwa sababu alidhani angemuua. Wakati ule virusi vyake vilikuwa vimefubazwa kwa miaka kadhaa. Ushahidi mkubwa ulikuwa umekwisha kutoka tangu 2011 kwamba dawa zinakinga mwenza. Hakuna aliyemwambia. Fundi ameoa kwingine. Nani atamrudishia miaka ile?

Tangazeni. Tangazeni redioni saa mbili usiku baada ya taarifa ya habari, tangazeni kwenye misikiti baada ya Ijumaa na makanisani baada ya matangazo ya ndoa, andikeni kwenye ukuta wa kila zahanati kwa herufi kubwa kama tulivyoandika zamani kwamba UKIMWI unaua: virusi visipoonekana, haviambukizwi kwa ngono. Kondomu bado inakinga magonjwa mengine na mimba, semeni na hilo. Lakini semeni lote.

Na msidhani hofu ni ya majirani tu. Januari 2025, rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ndani ya siku chache miradi ya VVU iliyokuwa ikitegemea PEPFAR, mpango wao wa UKIMWI ulioanza 2003, iliamriwa isimame. Baadaye kibali cha huduma za kuokoa maisha kikatolewa. Kati ya amri na kibali, simu yangu haikulala. Mama mdogo alivimwaga vidonge vyake kitandani akavihesabu, akavihesabu tena, akaniuliza kama akimeza siku moja na kuacha moja vitamfikisha Pasaka. Nilimwambia asithubutu, dawa zipo. Nilisema hivyo bila kujua. Mtu aliyekuwa akilala saa nne kwa usiku akawa analala mbili, kwa sababu ya saini iliyowekwa upande wa pili wa bahari. Na wa kwanza kuambiwa wasirudi kazini walikuwa washauri rika na wanaotembelea wagonjwa majumbani, watu walewale wanaoshughulika na hofu. Nchi inayoacha uhai wa watu wake ukaning'inia kwenye kalamu ya mtu wa mbali isiwaambie watu hao watulie. Tulianzisha mfuko wetu wa kudhibiti UKIMWI mwaka 2015. Ujazwe, na usomwe hadharani kila mwaka una shilingi ngapi, ili anayehesabu vidonge kitandani ajue anasimama wapi.

Tiba ya wasiwasi haihitaji majumba. Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa na watu wenye mawazo kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Washona wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na mabibi walilitumia hilo badala ya majina ya vitabuni. Jaribio lililochapishwa 2016 lilikuta waliokaa kwenye mabenchi yale walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na zaidi ya theluthi yao walikuwa na VVU. Mabibi! Kuna mtaa gani wa Uswahilini usiokuwa na bibi anayejua kusikiliza? Hapahapa Dar es Salaam, watafiti wa Muhimbili, akiwamo Profesa Sylvia Kaaya, wamekuwa wakichunguza kwa miaka mingi sonona na mahangaiko ya wajawazito wenye VVU, na wamejaribu ushauri wa vikundi kwa lugha ambayo akina mama wenyewe huitumia. Maarifa yapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kwamba usingizi wa mgonjwa ni kazi ya kliniki.

Tatizo jingine ni Mirembe. Nchi hii imefanya jina la hospitali ile ya magonjwa ya akili ya Dodoma kuwa tusi, kiasi kwamba ukimwambia mtu aonane na mtaalamu wa akili anasikia umemwita kichaa. Mwenye VVU anaogopa kubeba kadi ya pili juu ya ya kwanza. Ndiyo maana huduma hii lazima imfuate palepale anapochukulia dawa, siku ileile, kwa mtu yuleyule anayempima uzito. Mnampima uzito, mnampima presha, mnamuuliza kikohozi, homa, jasho la usiku. Ongezeni maswali matatu: Unalala? Unakula? Kuna kitu unakiogopa? Kisha mumpe nafasi ya kujibu kabla ya kuita jina linalofuata.

Nasi tulio nje ya kliniki tuna kazi yetu, na haihitaji semina. Aliyekufichulia hali yake hakukupa habari, amekuwekea amana. Ukiona chupa chumbani kwa mtu, hujaona chochote. Mwenye nyumba asiyetaka mpangaji anayemeza dawa ajue anamfukuza mtu ambaye ni salama kuliko wengi wasiojua hali zao. Shehe, mchungaji, acheni kuwaombea watu waache dawa, waombeeni walale. Na wewe unayeishi na virusi, unayesoma haya usiku kwa sababu usingizi umekataa: mweleze mhudumu hivyo kwa maneno hayohayo, na asipokusikia mweleze wa pili. Moyo unaokwenda mbio usiku hauna maana kwamba dawa zimeshindwa. Usiache kumeza.

Mama mdogo anarudi kliniki mwezi ujao. Safari hii amesema tutashuka kituo chenyewe cha hospitali. Ukitukuta pale kwenye benchi, usigeuze uso, wala usitutazame mara mbili. Tusalimie.